Kaa wa Mtoni na Ukuta wa Bwawa

Mvua za Oktoba hadi Desemba zikiisha na maji ya bwawa (silanga, kama wengi wetu tunavyosema) yakianza kushuka, mkulima atembeaye juu ya ukuta wa udongo huona jambo upande wa ndani. Palipokuwa na maji juzi pana vitundu vya mviringo, vinavyotosha kuingiza vidole viwili au vitatu, na mbele ya kila kitundu pana vidonge vya tope. Hiyo ni kazi ya kaa. Mwenye bwawa hushtuka, na ana haki ya kushtuka. Ndipo jirani humpa shauri: chukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, mimina kidogo katika kila tundu, basi, yamekwisha.

Shauri hilo ni baya. Tutaeleza kwa nini, na lipi la kufanya badala yake. Lakini kwanza yafaa kumjua kaa mwenyewe, maana watu wengi wa bara humdhania kuwa ni mnyama wa Mombasa aliyepotea njia.

Kaa ana miguu kumi. Minane ni ya kutembea, na miwili ya mbele ni magando, ndiyo mikono yake ya kukamata, kula na kupigana. Mifupa hana, mwili wake umefunikwa na gamba gumu. Kwa kuwa gamba halikui, kaa akitaka kukua hulivua lote, kisha hujificha siku kadhaa akiwa laini kama mkate uliolowa, mpaka gamba jipya limekauka. Kwa sababu hiyo kila kaa, hata wa baharini, huhitaji mahali pa kujificha. Kaa asiye na pango huliwa siku ya kuvua gamba.

Wataalamu wamehesabu aina kama 7,000 za kaa duniani, na zaidi ya 1,300 kati ya hizo hazijui bahari kabisa. Huishi katika mito, chemchemi na vinamasi. Wengine wametapakaa kila mahali. Wako wa vilindi vya zaidi ya mita 2,000, mahali pasipofika jua, wakiishi kando ya chemchemi za moto zinazobubujika katika sakafu ya bahari. Huko Japani yuko mmoja ambaye akinyoosha miguu yake, kutoka ncha hata ncha ni zaidi ya mita tatu na nusu. Huyo hangeingia katika nyumba nyingi zetu bila kukunjwa. Kinyume chake yuko kaa mdogo kama punje ya njegere, aishiye ndani ya chaza aliye hai.

Katika pwani yetu wenyewe, anayejulikana zaidi sokoni ni kaa mkubwa wa mikoko, mwenye magando yawezayo kuvunja kidole. Huchimba pango refu katika tope, na vikundi vya watu wa Kilifi na Kwale humnenepesha katika vizimba kabla ya kumwuza kwa mahoteli. Karibu naye yuko kaa mdogo ambaye dume lake lina gando moja kubwa kupita kiasi, nalo hulipunga siku nzima kuwaita majike. Katika kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, yuko kaa wa minazi, apandaye miti na kufika uzito wa kilo nne. Huyo kwa haki ni ndugu wa wale wanaobeba makombe mgongoni, wala si kaa halisi, na akiwa mkubwa ukimtia majini atakufa kwa kuzama.

Hata milimani wako. Katika msitu wa Shimba, Wilaya ya zamani ya Kwale, na katika milima ya Usambara Tanzania, yuko kaa aishiye ndani ya mashimo ya miti yaliyojaa maji ya mvua. Wataalamu walimpa jina lake mwaka wa 2004 tu, ingawa wenyeji walikuwa wakipita chini yake miaka yote.

Sasa turudi kwetu. Kaa wa mito ya Ukambani ni wa ukoo mmoja na kaa wa mito mingine ya Afrika. Rangi yake ni ya tope au ya kahawia. Yuko penye maji ya kudumu, kama vile chemchemi zinazotoka chini ya mawe ya volkano ya Chyulu, na yuko pia kandokando ya mito na mabwawa ambayo maji yake hupungua sana wakati wa kiangazi. Maji yakishuka, naye huyafuata kwa kuchimba katika ukingo mpaka apate unyevu. Anapumua kwa mashavu kama samaki, lakini maadamu mashavu hayo ni majimaji aweza kukaa nje ya maji muda mrefu. Usiku hutoka kutafuta chakula: majani yaliyooza, wadudu, konokono, mizoga. Naye huliwa na fisi maji, kenge na ndege kama mdiria. Palipo na magamba ya kaa yaliyovunjwa juu ya mawe ya mtoni, fisi maji amepita hapo.

Lakini tofauti kubwa kati ya kaa huyu na wale wa baharini iko katika uzazi, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Kaa wa mikoko hutaga mayai kwa mamilioni. Watoto wake hawafanani naye. Ni viumbe vidogo mno vinavyoelea na kuchukuliwa na mkondo. Kaa wakiisha katika hori moja, bahari yenyewe huleta mbegu kutoka hori nyingine. Katika kisiwa cha Christmas, katika Bahari ya Hindi, kaa wekundu wa msituni kwa makumi ya mamilioni hushuka pwani kila mwaka mvua zianzapo, nazo barabara hufungwa ili wapite. Na safari yote hiyo ni kwa ajili ya kumwaga mayai baharini.

Kaa wetu hana bahari ya kumsaidia. Jike hutaga mayai machache, makubwa, na kuyabeba chini ya mkia wake uliokunjwa. Mayai hayo hayatoi vijidudu vya kuelea. Hutoa kaa wadogo kamili, wenye miguu yote kumi, nao hubaki chini ya mama kwa muda. Kisha hutembea. Njia yao ya kwenda mahali papya ni miguu yao tu. Kwa hiyo kijito ambacho kaa wake wameuawa wote kwa sumu hakiletewi wengine na mkondo wa bahari, wala na upepo. Kitangoja miaka mpaka mmoja apande kutoka mto wa chini, kama mto wa chini bado unao.

Hiyo ni sababu moja ya kukataa shauri la jirani. Ya pili yakuhusu wewe zaidi. Kupe, wadudu na kaa ni wa jamii moja, wenye miguu ya viungo na gamba la nje. Dawa nyingi za kuogeshea na za kunyunyizia maembe na machungwa zimeundwa kuua viumbe vya namna hiyo, na zile za jamii ya pareto ya viwandani huua kaa na samaki kwa kiasi kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni katika ndoo. Ukuta wa bwawa si ghala. Ukilichomiminwa katika tundu huingia majini, na maji hayo hunywewa na mbuzi wako, na huenda yakachujika mpaka kisima cha mchangani ambacho mtoto wa jirani anachota. Vivyo hivyo usioshe bomba la kunyunyizia mtoni, hata kama umechelewa na jua linatua.

Sababu ya tatu ndiyo inayosahauliwa: kaa akifa, tundu halifi. Linabaki wazi, na mvua ijayo maji huingia.

Watu hupenda kukumbusha jinsi mito ya Nyanza ilivyotiwa DDT katika miaka ya 1940 na 1950, huko Kodera na kwingineko, ili kuangamiza usubi uletao upofu. Ni kweli, na ni kisa cha ajabu, kwa kuwa viluwiluwi vya usubi ule vilitafutwa juu ya mawe na majani bila kuonekana, mpaka mwaka wa 1950 ilipotangazwa kwamba vinashikamana na miili ya kaa. Lakini dawa ile ilikusudiwa kuua usubi, ilipimwa na waliosomea kazi hiyo, na ilitumika kwa ajili ya ugonjwa wa watu wengi. Haifanani na mtu mmoja na mkebe wake.

Basi bwawa litengenezwe namna hii. Ngoja maji yashuke chini ya matundu. Fungua kila tundu kwa jembe jembamba ukilifuata hata mwisho wake. Usizibe mdomo tu, maana ndani mnabaki mfereji. Kaa mkamate kwa nyuma ya gamba, mahali magando hayafiki, umpeleke mtoni mbali na ukuta. Kama unamla, mpike aive kabisa, kwa sababu katika Asia na Afrika Magharibi kaa wabichi wa mtoni huwapa watu minyoo ya mapafu. Mahali ulipofungua, jaza udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kidogo, tabaka moja baada ya jingine, kila tabaka lisizidi upana wa kiganja kilichokunjuliwa, na ulishindilie kwa gogo kabla ya kuweka linalofuata. Udongo mkavu hausikii gogo, na tope hukimbia chini yake.

Upande wa ndani panga mawe pale maji yanapopanda na kushuka. Juu na upande wa nje panda nyasi zinazotambaa, wala usipande miti, kwa kuwa mzizi ukioza huacha tundu kubwa kuliko la kaa. Ng'ombe wawe na njia yao ya kunywea, mbali na ukuta. Mabwawa mengi ya udongo katika wilaya hizi yalichimbwa katika miaka ya 1950 chini ya mpango wa ALDEV, na mengine yamechoka kwa kwato kuliko kwa kaa. Wenye mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwa mawe na saruji wana raha zaidi, kwani kaa hatoboi saruji. Watazame tu kingo za udongo mahali ukuta unapoishia.

Ukiona maji yanatoka nje ya ukuta, yakinge katika gilasi. Yakiwa maangavu, weka alama mahali hapo na utazame kila siku kama yanaongezeka. Yakiwa na tope, ukuta unaliwa ndani. Hapo usizibe kwa udongo pale yanapotokea, kwa sababu yatatafuta njia nyingine. Weka mchanga, na kokoto juu yake, ili maji yapite na udongo ubaki. Siku hiyohiyo waambie wanaokaa bondeni na umwite afisa wa maji.

Neno la mwisho ni juu ya mgeni. Huko Naivasha, tangu mwaka wa 1970, yuko kamba mwekundu wa maji baridi aliyetoka asili yake Marekani. (Jina lisitukasirishe sisi Wakamba.) Husifiwa kwa kuwa hula konokono wa kichocho, na ni kweli huwala. Lakini hula pia majani ya majini, na huchimba kingo kuliko kaa yeyote wa kwetu. Mtu akikuletea kwenye ndoo ili umtie bwawani, mwambie akampike.