Dawa za usingizi hazijathibitika kukinga figo

HOSPITALI ya Taifa ya Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, Novemba 2017, figo iliyotolewa ilikaa kwa muda bila damu kabla ya kuunganishwa mwilini mwa mgonjwa. Hapo ndipo penye hatari. Seli hukosa oksijeni, na damu inaporejea huzuka kemikali zinazoziharibu hata zile zilizosalimika.

Watafiti wamejaribu kuzuia madhara hayo kwa deksimedetomidini na propofoli, dawa ambazo madaktari huzitumia kumtuliza au kumlaza mgonjwa. Kwa panya wa maabara uharibifu ulipungua. Kwa binadamu, wakiwamo waliopasuliwa moyo, matokeo yamekinzana. Si ajabu: panya hao kwa kawaida ni wachanga na wenye afya, ilhali wagonjwa wengi wana kisukari au shinikizo la damu, na figo zao zimekwisha kudhoofika.

Kwa hiyo mkazi wa Mbagala au Tandale anayesubiri upasuaji asinunue vidonge vya usingizi dukani kwa kudhani vitamlinda. La maana zaidi ni kumtajia daktari dawa zote anazomeza, hasa za maumivu kama diklofenaki, ambayo hupunguza damu iendayo kwenye figo.