Je, Wajua? Muheme, ngoma ya akina mama wa Ugogo

Tangu 2009, kijiji cha Chamwino, mashariki mwa jiji la Dodoma, hufanya tamasha la muziki wa Kigogo, lililoasisiwa na Kedmon Mapana, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Kwa kawaida huwa Julai, wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yameshaingia ghalani. Uwanja wa wazi unatosha kabisa. Wachezaji ni wakulima na wafugaji wenyewe, na zeze zao na malimba. Lakini wenye uwanja ni wanawake wa muheme: huibana ngoma mapajani na kuicharaza kwa viganja. Ni ngoma iliyolelewa katika unyago wa wasichana, na wapigaji wake ni mabingwa hasa. Kawaone!