Ng'ombe wa amana katika zizi la marehemu



Ndugu Waislamu, anapofariki baba ambaye pia ni babu wa wengi, nyumba hujaa maneno mazuri. Wajukuu husimulia hadithi zake, majirani husifu ukarimu wake, kisha hupangwa siku ya hitima. Hayo ni mema. Lakini katika mkoa wa Singida liko jambo lipaswalo kutangulia sufuria la pilau, nalo ni zizi lake.

Tangu zamani Wanyaturu huwekeana ng'ombe. Mwenye mifugo humkabidhi ndugu au rafiki wa kijiji kingine sehemu ya ng'ombe wake, ili maradhi au ukame usimalize mali yote mahali pamoja. Mtunzaji hupata maziwa na samadi ya shamba lake la mtama au uwele. Ng'ombe hubaki kuwa wa mwenyewe. Mapatano hayo aghalabu ni ya mdomo, na daftari lake ni kifua cha mzee. Akizikwa, daftari nalo limezikwa. Zizini mwake wamo ng'ombe wa watu, na wake wamo mazizini mwa wengine. Watoto wakigawana kwa kuhesabu mikia, wamekula amana.

Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, huyaweka mafungu ya warithi baada ya wasia na deni.

Imamu Bukhari amepokea habari za Zubayr bin al-Awwam (r.a.), aliyeuawa siku ya vita vya Jamal, mwaka 36 Hijria. Watu walipomletea mali awatunzie, alikataa kuipokea kama amana. Aliichukua kama deni, akichelea isipotee. Kabla ya kufa alimuusia mwanawe Abdullah alipe. Abdullah alipohesabu, alikuta 2,200,000. Aliuza ardhi, akalipa. Ndugu zake wakataka wagawiwe urithi. Alikataa mpaka atangaze katika Hija kwa miaka minne: anayemdai Zubayr na aje. Ndipo akagawa.

Katika wasia huo Zubayr aliwakumbuka pia watoto wa Abdullah, yaani wajukuu zake. Wazee walio hai na walisikie hili: mjukuu aliyefiwa na baba huzuiwa na ami yake katika urithi wa babu, ila babu anaweza kumuusia asiye mrithi hadi theluthi ya mali. Wengi hulijua jambo hili wakati babu hayupo tena.

Ile kauli ya makaburini, kwamba anayemdai marehemu aonane na familia, haitoshi. Nani atataja ndama wake mbele ya jeneza? Siku ya hitima, jamaa wa Puma, Ilongero na Ikungi wakiwa wamekusanyika, mtoto mkubwa asimame kabla ya chakula, kalamu mkononi, amuulize kila mzee: ng'ombe wako ni yupi, na wa baba yetu yuko kwa nani?