Mwenye Coaster Mpya (Sehemu ya Pili): Lijue Gari Kabla ya Kulipakia Watu

Juma lililopita tulimaliza habari za kununua: hati, ukaguzi na bei. Leo gari liko nyumbani Bariadi. Limeoshwa, limeandikwa dua kwenye kioo cha mbele, na majirani wamekwisha kuja kupongeza. Kesho yake asubuhi wenye magari wengi hufanya jambo moja. Humkabidhi dereva ufunguo, hukubaliana naye hesabu ya siku, kisha hurudi dukani au kwenye pamba yao. Tangu hapo habari za gari huzipata kwa simu tu. Nasema wazi kwamba hapo ndipo gari linapoanza kufa. Usikabidhi ufunguo kabla hujajifunza mwenyewe kuliendesha na kulitunza, hata kama huna nia ya kuwa dereva wake.

Kule Australia na New Zealand watu hununua Coaster hizi hizi, wakang'oa viti na kuweka kitanda, jiko na tangi la maji, gari likawa nyumba ya kusafiria. Wengi hawajawahi kushika usukani wa gari kubwa. Lakini kwa kuwa wanalala humo, kila mlio mpya wanausikia siku hiyo hiyo, na kila tone la oili wanaliona asubuhi chini ya mlango wao. Sisi tunaolinunua kwa biashara tuna sababu kubwa zaidi ya kulijua, maana nyuma ya kiti cha dereva tunakalisha roho za watu 29.

Nitangulize sheria. Kubeba abiria kwa malipo kunataka dereva mwenye leseni ya daraja la abiria, na gari lenyewe liwe na leseni ya LATRA, mamlaka iliyoshika nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Mafunzo ninayoyaeleza hapa ni ya gari lisilo na abiria, mahali pasipo na watu, pamoja na mwalimu mwenye leseni yake.

Coaster ndefu ina karibu mita 7 kwa urefu na mita 2 na kidogo kwa upana. Anayetoka kwenye Noah au Probox huhangaishwa zaidi na mahali alipokaa. Kwenye gari dogo tairi za mbele ziko mbele yako. Kwenye Coaster umezikalia. Ukikata kona pale ulipozoea kukata, tairi za nyuma, zilizo karibu mita 4 nyuma yako, zitapanda mtaro au mguu wa mtu. Inabidi usogee kwanza, mwili wako uivuke kona, ndipo uzungushe usukani. Kisha kuna mkia. Nyuma ya tairi za nyuma bodi imening'inia karibu mita 2 nyingine, na ukikata kulia mkia unatupwa kushoto. Hivyo ndivyo meza za karanga na bodaboda zilizoegeshwa kando ya stendi zinavyoangushwa na dereva anayeapa kwamba hakugusa kitu. Kweli hakukiona alichogusa, kwa sababu macho yake yote yalikuwa mbele.

Dawa yake ni uwanja mpana, tuseme uwanja wa mnada siku isiyo ya mnada. Panga madumu manne ya lita 20 yaliyojaa maji yawe kona yako. Ukishaizoea kona, pima mkia: gari likiwa limesimama na limenyooka, mwaga mstari wa majivu chini, sambamba na ubavu wake, kuanzia tairi la mbele hadi nyuma kabisa. Panda, zungusha usukani wote, tembea polepole mita chache, simama, ushuke. Tazama mkia umeuvuka mstari kwa kiasi gani. Wengi hudhani ni kiganja, wakikuta ni zaidi ya hapo hunyamaza. Rudia upande wa pili hadi macho yakariri kipimo hicho. Ukifika kwenye rivasi, msaidizi asimame mahali unapomwona kwenye kioo. Akipotea kiooni, kanyaga breki papo hapo, usisubiri apige kelele.

Halafu uzito. Abiria 29, tukimkadiria kila mmoja kilo 65, wanakaribia tani 2, na hapo hatujahesabu magunia ya mpunga kwenye keria. Gari lililosimama vizuri likiwa tupu halitasimama mahali pale pale likijaa. Kwa hiyo kabla ya watu, pakia mifuko ya mchanga sakafuni, uende kwenye barabara isiyo na watu, ujaribu kufunga breki ukiwa na mwendo wa 30, kisha 50, upime kwa hatua gari limekwenda umbali gani. Mzigo wa keria ni hatari ya namna yake: unaupeleka uzito juu, na kwenye kona gari huegemea kabla wewe hujahisi. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaliwekea gari la abiria kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Aliyewahi kuliona kundi la ng'ombe likivuka jioni karibu na Nyakabindi haoni kikomo hicho kuwa kidogo.

Barabara zetu nzuri zimezaa udhaifu mmoja. Lami ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8, na ile inayopitia Maswa hadi Mwigumbi, karibu kilomita 100, zinapita kwenye nchi tambarare. Dereva aliyekulia hapo huzoea breki ya mguu peke yake. Siku akikodiwa kupeleka watu wa msiba Singida, atakutana na mlima wa Sekenke. Kwenda ni kupanda, na anayepanda vibaya huishia kusimama tu. Mtihani uko kwenye kurudi, gari limejaa na mteremko unaelekea bonde la Wembere. Akikalia breki mfululizo, ngoma za breki hupata moto, mafuta ya breki huchemka, na pedali huzama hadi sakafuni bila kitu. Kanuni ya wazee wa barabarani bado ni sahihi: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, na uishike kabla ya kilele. Na kutembea fri ili kubana dizeli ni kucheza na mauti. Injini ikizimika, nguvu inayosaidia breki hubaki ya kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe.

Ukitoka kwenye lami kuelekea Mwandoya au Mwanhuzi unaingia udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa. Mvua ikinyesha unavimba na kushika. Kwa tairi pacha za nyuma tope hujaa katikati ya tairi mbili, zikawa ngoma moja laini isiyo na meno. Ingia kwa gia nzito tangu mwanzo, mguu utulie, usibadilishe gia katikati, usifunge breki ya ghafla. Ukikuta maji yanapita juu ya barabara, simama. Maji hayabanwi kama hewa. Injini ya dizeli ikiyavuta hupinda fimbo za pistoni kwa mzunguko mmoja, na hapo fundi hatakutajia bei bila kukukalisha kwanza.

Tuje kwenye matunzo. Nitayapita haraka yale ambayo kila mtu anayajua: pima oili asubuhi gari likiwa mahali tambarare, badilisha oili na filta yake kila kilomita 5,000, na kwenye vumbi letu la Juni hadi Oktoba tazama filta ya hewa kila wiki. Filta ya karatasi haioshwi. Inapulizwa kutoka ndani kwenda nje, na ikichoka inatupwa. Chini ya filta ya dizeli kuna kizibo cha kutolea maji. Kifungue mara kwa mara, hasa ukiwa umejaza mafuta ya kwenye madumu huko vijijini.

Nitakaa kidogo kwenye rejeta, kwa sababu Coaster nyingi zinafia hapo. Injini yake iko chini ya kifuniko kando ya dereva, haipati hewa kwa urahisi, na rejeta hukusanya vumbi, manyasi na wadudu hadi ikazibwa kwa nje. Ndani nako mara nyingi hujazwa maji ya kisima: maji ya chumvi au ya magadi huacha ukoko mweupe kwenye vijia vyembamba. Tumia kulanti, au walau maji ya mvua huku ukitafuta kulanti. Gari likianza kuchemka, fundi wa karibu atakwambia, "Bosi, tutoe hii themostati, huku kwetu ni joto, haina kazi." Mkatalie kwa heshima. Themostati inaifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kulishikilia hapo. Ikitolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula dizeli zaidi na kulika mapema, na ugonjwa wenyewe, yaani rejeta iliyoziba, hubaki umefichwa hadi siku ya safari ndefu. Mwombe ashushe rejeta aisafishe. Ni kazi ya nusu siku.

Jambo la pili ni betri. Coaster nyingi zilizotoka Japani zinatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Fundi wa redio akija kufunga spika za kwaya au chaja za simu, ambazo ni za volti 12, njia rahisi kwake ni kunyonya umeme kwenye betri moja. Redio italia vizuri. Lakini altaneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja, haijui kwamba moja imenyonywa. Inayonyonywa haijai kamwe, mwenzake inajazwa kupita kiasi hadi maji yake yanachemka, na baada ya miezi michache unanunua zote mbili. Kuna kifaa kidogo cha kushusha umeme kutoka volti 24 hadi 12. Kinunue siku ile ile unayonunua redio. Na betri zibadilishwe kwa pamoja. Kuukuu na mpya hazikai nyumba moja.

Tairi ziko sita barabarani, na nne za nyuma zinatembea kwa jozi. Konda huzigonga kwa rungu na kusikiliza mlio, lakini rungu halitofautishi tairi yenye upepo wa kutosha na iliyopungua robo. Nunua geji. Tairi ya ndani ikipungua, ya nje hubeba mzigo wa mbili, hupata moto na kupasuka ikiwa inaonekana nzima kabisa. Usifunge pacha mpya na iliyolika; ile kubwa itabeba peke yake. Kila jioni pitisha mkono kati ya jozi utoe mawe. Soma pia tarakimu nne za mwisho pembeni mwa tairi: 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye meno mazuri inaweza kuwa na miaka kumi. Baada ya kufungua ringi, kaza nati upya ukishatembea kilomita 50 hadi 100. Na uwe makini, kwani kwenye baadhi ya magari ya Kijapani ya tairi pacha nati za upande wa kushoto hukazwa kinyume.

Haya yote yanataka fedha, na fedha inapotea kwenye hesabu. Mwenye gari hupokea hesabu ya siku akaila yote kama faida, ilhali sehemu yake ni tairi, oili na breki ambazo hazijafika tu. Ondoa sehemu ya gari kwanza, kila siku, iende akaunti yake. Dereva naye asibanwe hesabu ya kumfanya akimbie. Ukimwona anarudi saa tatu usiku gari likiwa limechemka, hesabu uliyopanga ndiyo iliyomchelewesha.

Mwisho, fungua daftari likae kwenye gari, na la kwanza kuandikwa liwe taimingi beti. Injini ya 1HZ, ya silinda sita, ina beti inayotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, valvu hugonga pistoni. Za 14B na 15B zinatumia gia, hazina beti hiyo. Kwa hiyo soma kwanza namba ya injini yako, na ikiwa ni 1HZ usiiamini dashibodi ya gari lililotumika: badilisha beti sasa, kabla ya safari ya kwanza ya abiria, uandike kilomita na tarehe kwenye daftari na kwenye kifuniko cha injini, mahali ambapo fundi yeyote ataviona.