Pua Inawasha, Macho Inatoa Machozi: Haiko Kila Siku Baridi



Kila mwaka, mvua ikikaribia kuisha, majani marefu ya porini na ya kando ya barabara yanatoa maua, Lubumbashi, Likasi mpaka Kolwezi. Ndipo tunasikia watu wanapiga chafya asubuhi, mara tano, mara kumi. Mwezi wa tisa na wa kumi inarudi tena, wakati miti ya miombo inatoa majani mapya na maua mbele ya mvua ya kwanza. Huyu anasema: «Ni baridi.» Yule anasema: «Ni vumbi ya shimo.» Mara nyingi ni unga wa maua.

Unga ule ni mdogo sana, upepo unaubeba mbali. Mwili wa watu wengine unauona kama adui na kupigana nao. Ndiyo maana pua inavimba na kutoa maji. Waganga wanaita alerji. Haiambukizi, wala haiko uchawi. Mwaka 1873, Charles Blackley, munganga wa Manchester katika Uingereza, mwenyewe mgonjwa wake, alionyesha kwa kujijaribu mwenyewe kwamba kisa ni unga huo. Na tusilaumu jakaranda bure: ua lenye kupendeza macho, nyuki ndio wanaobeba unga wake. Unaotusumbua zaidi ni unga wa maua madogo, yale ambayo hatuyaangalii hata.

Utaitambua namna gani? Pua, macho na koo vinawasha. Kamasi ni maji meupe. Homa hakuna. Baridi ya kawaida inapita kwa juma moja ao zaidi kidogo. Hii inakaa majuma mengi, na mwaka kesho inarudi majira yaleyale.

Sasa jambo kubwa kwa mtu wa kazi: dawa. Vidonge vya zamani, kama klorfeniramini na prometazini, vinakausha pua, lakini vinaleta usingizi. Mwenye kuongoza kamio kubwa ao mashini ya kuchimba asivimeze mbele ya kazi. Hata ukivimeza usiku, kichwa kinaweza kuwa kizito bado asubuhi. Uliza loratadini, ambayo haileti usingizi kwa watu wengi; cetirizini inaweza kuuleta kidogo. Meza ya kwanza siku ya kupumzika, uone mwili unasemaje. Dawa ya matone ya kufungua pua isipite siku 5, sababu kiisha pua inaziba kuliko mbele. Na deksametazoni, ile watu wananunua farmasi bila karatasi ya munganga, tuiache: inapandisha sukari na tansio, na inapunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa.

Msaada wa bei ndogo uko nyumbani. Chemsha maji, yaache yapoe, tia nusu kijiko kidogo ya chumvi katika bilauri moja, safisha nayo pua asubuhi na jioni. Maji yasiyochemshwa, hapana. Baba akitoka kazini avue nguo za kazi mlangoni, aoge mpaka nywele, ndipo abebe mutoto. Mama anyunyize maji chini mbele ya kufagia. Siku ya upepo, nguo na mablanketi tusianike karibu na majani marefu. Na majani hayo tuyakate mbele hayajatoa maua.

Lakini tusifiche kila kukohoa nyuma ya maua. Kifua kikipiga filimbi, ao pumzi ikikata usiku, inaweza kuwa pumu: nenda lopitali. Ukikohoa kupita majuma 2, ukitoka jasho usiku, ukikonda, ao ukitema damu, peleka makohozi yapimwe kifua kikuu. Mwenye kuvuta vumbi ya mawe miaka mingi yuko katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo. Dawa zake hazilipwi, na zinaponyesha.

Tena, ukimwona munganga, mwambie kazi yako: shimoni, kiwandani ao juu ya mashini. Neno hilo moja linaweza kubadilisha dawa atakayokuandikia, na linaweza kuokoa maisha yako na ya wenzako.