Kichomi cha Mtoto Huanzia Kwenye Bakuli la Uji

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumeona tuizungumzie amana iliyo mikononi mwa kila mzazi, nayo ni afya ya mtoto, hususan katika vijiji vya Dodoma na nyanda kame za kati.

Katika nchi ya Ugogo mvua ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na miaka mingine hazitoshi. Ifikapo Januari ghala nyingi huwa tupu, ilhali mtama shambani bado mchanga. Ndiyo miezi ambayo mama hushinda shambani, na mtoto huachiwa dada yake mdogo pamoja na uji mwembamba wa uwele. Mtoto akikohoa kisha akafariki, watu husema kichomi kimemchukua, na kwamba ndivyo Mola alivyokadiria. Sisi hatuikanushi kadari. Lakini kuiamini kadari hakumwondolei mja wajibu wa kushika sababu; mkulima anaamini riziki yatoka kwa Mola, na bado hushika jembe.

Wazee wa Ugogo wamerithishana habari za njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, kisha ukame ukaingia. Homa ya mafua iliyoizunguka dunia mwaka 1918 iliwakuta watu wamekwisha kudhoofika, nao wakafa kwa maelfu. Njaa ilitangulia, maradhi ya kifua yakafuata.

Mwaka 1968 wataalamu Scrimshaw, Taylor na Gordon waliufafanua uhusiano huo katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani. Walieleza kwamba lishe duni hudhoofisha kinga, na maradhi nayo huzidisha lishe duni, kwani mgonjwa hukosa hamu ya kula na homa huteketeza akiba ya mwili. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, tezi ya kifuani inayokuza askari wa kinga husinyaa. Akikosa vitamini A, utando wa njia ya hewa hupoteza uimara wake, na vijidudu hupata upenyo wa kuingia mapafuni. Ukiongeza moshi wa kuni ndani ya tembe lisilo na madirisha, mapafu hayo yana kazi kubwa.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka mitano duniani. Nchini kwetu, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 3 katika kila 10 wa umri huo wamedumaa.

Ndugu msomaji, lipo jambo tunaloomba lisisahaulike. Mtoto aliyedhoofu sana huweza kuwa na nimonia bila homa kali wala kikohozi kikubwa, kwa kuwa mwili wake hauna nguvu ya kupiga kelele. Mama humsifu kuwa ametulia, kumbe anazama. Basi mvue nguo umtazame kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni ishara ya hatari. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au akilegea, usingoje kuche, mpeleke zahanati.

Kinga yenyewe huanzia nyumbani. Maziwa ya kwanza ya mama, yale ya manjano, yasikamuliwe na kumwagwa, kwani yamebeba kinga. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya. Na Qur'ani Tukufu, Suratul Baqara aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili. Uji wake uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa. Mlenda, kunde, choroko na ubuyu tunavyo. Visiuzwe vyote mnadani. Chanjo ya kukinga nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, ikamilishwe, na matone ya vitamini A yasikoswe.

Kina baba, neno hili ni lenu zaidi. Anayeuza gunia Juni kwa bei ya chini, kisha akalinunua Januari kwa bei ya juu, ameuza chakula cha mwanawe. Maziwa ya mbuzi yasipelekwe yote gulioni ilhali mtoto amelala na uji mtupu.

Na jamaa wa msikiti wana sehemu yao. Zaka ya mazao itolewe kwa wakati wake bila kucheleweshwa. Zaidi ya hiyo, kila kijiji kiweze kukusanya sadaka ya nafaka na karanga, iwekwe akiba hadi Januari kwa ajili ya nyumba zenye watoto wachanga, bila kuuliza dini ya mwenye nyumba. Debe moja likifika kabla ya kikohozi lina faida kuliko rambirambi nyingi baada ya maziko.

Wabillahi tawfiq.