Mahali katika Sarufi: Kiambishi "-ni" na Vihusishi vya Kiingereza

Sentensi "Arusha iko chini ya Mlima Meru" ni Kiswahili kisicho na dosari. Mwanafunzi aitafsiripo kwa kutumia kihusishi "under", jiji zima huzikwa ardhini, kwani Kiingereza hapo hudai "at the foot of". Kosa hilo halitokani na uzito wa akili, bali na tofauti ya namna lugha hizi mbili zinavyoeleza mahali.

Kiingereza hukibebesha kihusishi sehemu kubwa ya mzigo. Kwa kawaida "at" huchukulia mahali kuwa nukta, "on" huchukulia kuwa uso wa kitu, na "in" huchukulia kuwa eneo lenye ndani. Kiswahili huongeza kiambishi tamati "-ni" kwenye nomino, kisha hugawa mzigo uliosalia. Kitenzi huonyesha mwelekeo: "ametoka sokoni", "amekwenda sokoni", "ananunua ndizi sokoni". Nomino haibadiliki, ilhali Kiingereza hutaka "from", "to" na "at". Upatanisho nao hubainisha aina ya mahali: "yupo" kwa mahali dhahiri, "yuko" kwa mahali pasipo dhahiri, na "yumo" kwa ndani.

Aidha, majina mahususi ya mahali hayapokei "-ni". Husemwa "basi limesimama Tengeru" na "mwalimu anaishi Tengeru". Katika sentensi ya kwanza Kiingereza huelekea kutumia "at", na katika ya pili "in". Mahali ni palepale. Kilichobadilika ni mtazamo wa msemaji, ambaye kwanza anaona kituo njiani, kisha makazi yenye mipaka.

Suala hili si dogo. Mtoto wa miteremko ya Meru huenda akaanza na Kimeru au Kimaasai, akasomeshwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya umma, kisha katika sekondari akatakiwa kueleza ramani kwa Kiingereza. Alama nyekundu pekee humwonyesha kwamba amekosea, isimwonyeshe sababu. Hivyo basi, mwalimu hana budi kuanzia katika Kiswahili chenyewe na kumwuliza: je, mahali hapo unapaona kama nukta, uso, au eneo lenye ndani? Mwanafunzi akishalijibu swali hilo, uteuzi wa kihusishi huacha kuwa bahati nasibu, na maarifa aliyokuja nayo darasani huwa msingi wa lugha anayojifunza.